Doti Isiyokatwa

Miaka ile ya foleni, mtu akienda zahanati alibeba shuka yake mwenyewe. Mimi nilikwenda mikono mitupu. Maumivu yalinishika asubuhi nikifagia, chini ya tumbo, upande wa kulia, na mimba ilikuwa mwezi wa sita. Mimba yangu ya kwanza ilitoka mwezi huohuo. Kanga niliyomwekea mtoto ndiyo tuliyomzikia, nami nikaapa kwamba safari hii sitaweka hata kitambaa.

Mavyaa, mama wa mume wangu, ndiye aliyenishika mkono kutoka nyumbani Nguvumali. Nesi alituonyesha kitanda cha raba, kitupu. Mavyaa akafungua kikapu chake, akatoa doti mpya ya kanga, ingali na wanga wa dukani, akaitandika. Vipande viwili vilikuwa bado vimeshikana. Kwetu doti hukatwa ikishapata mwenyewe.

Nikajua. Siku hizo doti haikupatikana hivihivi. Alikuwa ameipangia foleni, kisha akanificha.

"Umemwekea!" nikamkemea, mimi niliyekuwa sithubutu hata kumtazama machoni. "Mama, umemwekea!"

"Lala, mwanangu," akasema. "Utagomba ukishapimwa."

Nesi alisugua viganja vyake vipate joto. Akaanza upande usiouma, taratibu, akinitazama usoni. Damu imetoka? Hapana. Maji? Hapana. Homa, au mkojo kuchoma? Hapana. Alipofika kulia nikaruka. Akaniambia nipumue, akabonyeza tena, akasema tumbo ni laini. Kisha akaweka kile kifaa cha mbao, mfano wa tarumbeta ndogo, akainamisha sikio. Kimya. Akakihamisha. Kimya tena.

Nilikuwa nimekamata kitu. Baadaye ndipo nilipojua kuwa ni kidole cha mavyaa. Sijawahi kuogopa vile maishani.

"Huyu hapa," nesi akasema. "Moyo unakwenda mbio, mzima kabisa. Anakua, na wewe unavutika huko ndani, ndiyo maumivu yako. Ukiona damu au homa, usingoje, rudi."

Nililia kwa sauti, bila haya yoyote. Mavyaa alingoja nishuke kitandani, akaikung'uta ile doti, akaikunja pale katikati, vipande viliposhikana, akamgeukia nesi.

"Mwanangu," akamwambia, "hebu niazime mkasi."