Jina la Duka Kwenye Sauti ya Mama

Nilikuwa kwenye bajaji natoka Gungu, nikamsikia mama yangu anaimba kwenye redio ya dereva. Mama ni marehemu. Wimbo ni ule wa kumtoa bibi harusi ndani. Niliurekodi kwetu Kasingirima: mama na wenzake walikaa mkekani, nikawaachia simu katikati, mwenyewe nikarudi jikoni kwenye pilau. Sasa kwenye kioo cha redio, mahali pa jina la mwimbaji, lilikuwa linapita jina la duka la mdogo wangu. Nikamwambia dereva anishushe hapo hapo, nikaenda dukani kwake.

Mdogo wangu anawawekea watu nyimbo kwenye flashi. Wenye kazi hiyo hapa mjini wana mtindo wao: wimbo hautoki dukani bila kugongwa mhuri. Programu inafuta jina la msanii lililomo ndani ya faili, inaandika la duka, ili mwenye duka jirani akiuiba ajulikane. Kompyuta yake ilipokufa aliazima yangu. Akaweka hiyo programu kwa kuandika amri kwenye lile dirisha jeusi, kisha akaandika amri moja yenye alama ya nyota, maana yake gonga zote. Zikagongwa zote, za wateja na zile za mama nilizohifadhi humo, zikaingia pamoja kwenye flashi za wateja.

"Sasa dada, unakasirika nini?" aliniuliza huku anamhudumia mteja. "Ile programu nilishaiondoa. Niliifuta kabisa kabla sijakurudishia mashine."

Alikuwa anaamini kabisa kwamba programu ikiondoka, mihuri yake inaondoka nayo. Nikamwambia ukimfukuza fundi rangi, ukuta haurudi ulivyokuwa. Akacheka. Nilitamani kumtwanga na spika yake mwenyewe.

Nyumbani niliiweka tena. Nikaandika amri na neno la siri, maandishi yakamiminika, programu ikakaa. Nikaiamuru inisomee faili la kwanza: jina la duka. La pili: jina la duka. Enzi za uhai wake nilikuwa namuuliza mama, huyu anayeanzisha ni nani, naye ananitajia, naandika humo humo ndani ya faili la wimbo. Sikuandika pengine popote.

Nikaibeba kompyuta hadi Bangwe kwa mama mdogo, maana katika waimbaji wale amebaki yeye tu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mbona umevimba hivyo?"

Nikamweleza, nikaanza kumpigia nyimbo moja moja. Akavuta kiti, akasikiliza kichwa ameinamisha. Huyu, alisema, alikuwa muuza mawese, jirani yetu. Huyu aliolewa ng'ambo, Kongo, akafia huko. Kila alipotaja mtu, niliandika amri, jina la duka likafutika na la mwenye sauti likarudi. Nikaanza kupumua.

Ukabaki ule wa kwenye bajaji. Akausikiliza mpaka mwisho, akasema nirudie. Nikarudia.

"Huyu ni mimi," alisema, "au ni dada?"

Nilidhani anatania. Hakuwa anatania.

"Tulifanana sauti mno. Baba yetu akiita, mmoja akaitikia toka uani, ilibidi aulize ni yupi." Akanigeukia. "Wewe ulimuuliza mama yako. Alikwambia ni nani?"

Kwenye bajaji sikuwa na shaka hata kidogo. Pale mbele yake nilitafuta jibu la mama kichwani, nikalikosa. Niliandika ili nisisahau, na kwa kuwa nimeandika, sikuona haja ya kukumbuka.

Nilipomsimulia mdogo wangu, alishauri niandike wote wawili, yaishe. Nikamwambia aondoke machoni pangu, na mpaka leo tunaishia kwenye salamu. Jina la duka lake nililifuta, pale pa mwimbaji nikapaacha patupu, kisha nikaiondoa programu.

Mama mdogo bado ananipigia simu. Hasalimii siku hizi, anaanza na swali lile lile: "Umeshakumbuka?"