Bushi za Pijo ya Mektilda

Mektilda binti Mashimba alikuwa na ugonjwa mmoja tu, nao ulikuwa kuuliza. Akiwa mtoto alimuuliza padri kama punda naye ana malaika wa kumlinda, akarudishwa nyuma ya mstari wa mafundisho. Majirani pale Bariadi walisema mwanamke yule angezaliwa ng'ombe, asingetoka zizini mpaka aambiwe lango limejengwa na nani.

Mumewe alipofariki alimwachia pikapu kuukuu ya Pijo 504, aliyoinunua kwenye mnada ushirika ulipokuwa unauza magari yake chakavu. Watu walingoja aiuze. Weee! Mektilda akajifunza kuendesha, akawa anakwenda Lamadi kuchukua sato na dagaa na kuwaleta sokoni. Enzi zile sisi bado tulihesabiwa mkoa wa Shinyanga, na biashara ndiyo kwanza imefunguliwa. Vitu ambavyo zamani ulivipata kwa kujuana na mtu Mwanza, sasa vilining'inia barazani, na kila mwenye mlango wa kufunga kwa kufuli alikuwa mwenye duka.

Selestini, mdogo wake, hakutaka kupitwa. Ng'ombe ambao mzee Mashimba alimtengea kwa ajili ya mahari aliwaswaga mnadani, akafungua duka la spea. Mzee alikubali kwa shingo upande, na tena kwa sababu Mektilda alimbembeleza. Lakini aliweka neno lake: duka likianguka, yeye hana ng'ombe wengine wa kutoa, na yule binti aliyemchumbia kule Mkula atafute mchumba mwingine. Selestini akapokea sharti hilo huku anacheka, maana kijana mwenye duka jipya haoni mbali.

Basi, Pijo ikaanza kutikisa mkia. Kosa lilikuwa bushi za springi za nyuma, ile mipira mizito, minene kama kikombe cha kahawa, inayokaa kwenye vichwa vya springi ili chuma kisisagane na chuma. Zikifa hizo, ukikata kona mbele kunakwenda Bariadi na nyuma kunataka kurudi Lamadi. Mektilda akachukua bushi mpya dukani kwa mdogo wake, akampelekea fundi Shigela, mzee aliyetengeneza malori ya ushirika tangu lami hatujaiona hata kwenye ndoto. Pamba haijachanua, mkia ukarudi kutikisika. Akanunua nyingine, nazo zikaenda njia ile ile.

Na si kwake tu. Madereva wengine waliofungiwa bushi na Shigela, naye ndiye fundi karibu wa kila mtu, walilia kilio hicho hicho. Mzee Shigela akasema mipira ya siku hizi ni ya kuchezea watoto. Neno likatembea mjini: Selestini anauza feki. Madereva wakawa wanapita mlangoni kwake wametazama upande wa pili wa barabara. Mzee Mashimba, ambaye sauti yake haikuwahi kuhitaji spika, alitangaza kwamba msimu wa pamba ukiisha hali ni ile ile, duka linafungwa. Selestini aliacha kucheka. Alikonda, na safari za Mkula akaziacha.

Mektilda aliumia. Yeye ndiye aliyemwombea ng'ombe wale kwa mzee! Lakini kabla ya kumlaumu mtu alitaka kujua. Akaagiza bushi nyingine Mwanza, kwenye duka linalosifiwa, akaziweka juu ya meza ya Selestini pamoja na zile za dukani, na pembeni yake nyingine ambazo Shigela alikuwa akizikata mwenyewe kutoka tairi la lori. Akaziminya. Akazinusa. Mwisho akaziuma, watu barazani wakaangua kicheko. Za tairi zilikuwa ngumu kama kwato, na aliona kwa kurushwarushwa sato wake watafika sokoni wamekuwa mchuzi. Za Mwanza na za Selestini meno yake hayakuona tofauti, wala kidole gumba chake.

Sasa kama ni zile zile, mbona zinakufa? Siku zote alikuwa akimwachia Shigela gari na kukimbilia samaki wake. Safari hii alichukua za mdogo wake kwa makusudi, akakaa juu ya jiwe pale gereji, akasema leo haondoki. Shigela akapiga jeki, akavua bushi za zamani, akazitupa. Kisha akafunua kibuyu, akachovya vidole na kuipaka bushi mpya vizuri, ndani na nje, kama mtoto aliyetoka kuogeshwa.

Mektilda akauliza ni nini kile. Shigela akashangaa kuulizwa. Ilikuwa samli, aliitumia tangu enzi za ushirika, grisi ilipokuwa haionekani. Bushi inateleza inaingia bila kupigwa nyundo. Halafu akamwita mama kwa Kisukuma, akasema neno alilolitegemea zaidi.

"Mayu, kitu kipya hakiingii nyumbani kikavu."

Hapo Mektilda hakubisha, maana naye alilelewa hivyo, kwamba kitu kipya hupakwa samli kwa baraka. Ila kibuyu kile alikijua. Kilikuwa cha baba yake, chenye kamba ya ngozi shingoni. Kumbe tangu binti yake aanze kushika usukani, mzee Mashimba alikuwa akimletea fundi samli ya ng'ombe wake kimya kimya, ili mwanawe asafiri salama. Na Shigela, kwa kuwa ilikuwa nyingi na nzuri, alipaka na bushi za wengine.

Mektilda akaiokota bushi iliyotupwa, akaiweka kando ya mpya. Ya zamani ilikuwa kubwa zaidi, imelegea kama ugali wa jana uliomwagiwa maji. Akaigeuza, akaigeuza tena. Kitu kikisagika hupungua. Sabuni hupungua, jembe hupungua. Hii imefanyaje mpaka ikanenepa?

Swali lile lilimnyima raha. Akapeleka bushi mbili mpya nyumbani, moja akaitumbukiza kwenye kopo la samli, nyingine kwenye kopo la maji ya sabuni, ambayo nayo huteleza, akayaweka juu ya rafu jikoni. Kila asubuhi alichungulia kabla hajainjika chai. Wiki zilivyopita, ile ya sabuni ilibaki kama ilivyonunuliwa. Ile ya samli ilivimba, na siku moja alipoiminya kidole gumba kikazama. Alicheka peke yake jikoni kwa furaha. Kisha akakumbuka samli ni ya nani, na furaha ikamkauka.

Utamwambiaje mzee kwamba baraka yake ndiyo inayomfilisi mwanawe? Mektilda aliamua makopo yaseme, akayabeba. Alimkuta baba yake nyumbani, akaomba na Shigela aitwe. Akaweka bushi zote mbili mbele yao, akawaomba waminye tu. Shigela akaminya, akasema za tairi hazikuwahi kufanya hivi. Mektilda akakubali: za tairi zina nyuzi ndani, hata zikinywa mafuta hazilegei upesi. Hizi ni mpira mtupu.

Mzee Mashimba alinusa kopo. "Hii samli ya nani?"

"Yako, baba."

Mzee akaiminya ile bushi iliyovimba, kidole kikazama.

"Ng'ombe walijenga duka," akasema, "na ng'ombe ndio walikuwa wanalila."

Siku ya mnada mzee alitangulia kufika dukani kabla hata Selestini hajafungua. Akakaa kwenye benchi la mlangoni, kibuyu mapajani, na kila dereva aliyepita upande wa pili wa barabara alimwita kwa ile sauti yake. Akawaambia aliyekuwa anakula bushi zao ni yeye Mashimba, waje wamtazame mdomo. Akawaambia wafunge kwa sabuni, wakamuulize Shigela. Wakacheka, wakavuka barabara.

Jioni Selestini alipokuwa anafunga, mzee akamuuliza Mkula anakwenda lini. Kijana akajibu kwamba hajui kama wale watu bado wanamngoja. Mashimba akamwekea kibuyu mikononi.

"Nenda kesho. Hiki mpelekee mama mkwe wako, na umwambie samli hii ni ya kula."