Bi Mkubwa Anapumzika

Kuna wanaume huoa mke wa pili kwa siri. Mkaguzi wa mizani hakuwa na siri. Wa kwake alimleta mchana kweupe, mweupe kama maziwa, milango minne, buti nyuma, viti vya kitambaa cha buluu. Akamwegesha chini ya dirisha la chumba cha kulala, akamwita Bi Mkubwa. Mke wa ndoa akatoka nje na unga mikononi, akalizunguka lile gari, akalipiga tairi teke dogo la kulisalimia.

"Kama huyu ndiye Bi Mkubwa, mimi nani?"

"Wewe mama watoto."

"Haya, baba watoto. Tutaona nani atakula zaidi."

Halikuwa shindano. Mtu akitaka kujua gari lile lilikula nini, asimuulize mwenye gari, maana atajibiwa kwamba halijawahi kumlaza njiani hata siku moja. Aingie tu nyumbani kwake atazame. Vigae vya sakafu vilianza vizuri mlangoni, vikavuka sebule kwa maringo, vikafika katikati ya korido vikakata kauli: hapo ndipo rejeta ilipopasuka. Dari ya chumba cha wageni ilikuwa giaboksi. Dirisha la jikoni, lililozibwa kwa bati, lilikuwa breki za nyuma. Cherehani ya umeme, ambayo mama watoto aliahidiwa mbele ya mashahidi, iligeuka pampu ya mafuta na seti ya plagi. Na binti yao wa mwisho, aliyetaka kusomea uuguzi, akaenda kusuka nywele kwenye baraza za watu: huyo alikuwa injini nzima.

Fundi wa gari hilo mtaa ulimwita Kidogo Tu, kwa kuwa hakuna ugonjwa aliowahi kuupa jina jingine. Alikuwa akiinama, akisikiliza, akifuta mikono kwa kitambaa kichafu kuliko mikono yenyewe, halafu akisema, "Mzee wangu, hapa ni kitu kidogo tu. Ila tukifungua ndiyo tutajua." Wakifungua, walijua. Kidogo Tu alikuwa na nyumba ya vyumba vinne, na vigae vyake vilifika mpaka mwisho wa korido.

Kilichomfunga mkaguzi ni mdomo wake mwenyewe. Siku aliponunua alijigamba kazini kwamba mtu mwenye akili hununua gari mara moja tu maishani, wajinga ndio wanunuao kila baada ya mvua. Tangu hapo wajinga walikuwa wamenunua, wakauza, wakanunua tena, na walikuwa wakimpita barabarani wakipiga honi. Angerudi nyuma vipi? Kula maneno yako mwenyewe ni chakula kigumu, hasa ukiwa umeyapika kwa kelele. Na kazi yake nayo haikumsaidia. Alikuwa akizunguka madukani na kisanduku cha mawe ya shaba, akipima mizani ya watu. Alishamkamata muuza sukari aliyebandika nta chini ya sahani, na muuza maharage aliyekuwa akipima kwa kidole gumba. Siku nzima aliwaumbua watu kwa uongo wa gramu, na jioni akarudi nyumbani ameketi juu ya uongo wa tani nzima.

Kwa hiyo Bi Mkubwa hakuharibika. Alipumzika.

Mkaguzi alikuwa na ufundi wake. Gari lilipoanza kukohoa, alilielekeza pembeni polepole, kama mtu aliyekusudia kusimama papo hapo tangu asubuhi. Hakufungua boneti mbele ya watu, kwani kufungua boneti hadharani ni kumvua mkeo kitambaa sokoni. Alishusha kioo, akatoa gazeti mfukoni mwa mlango, akalikunjua juu ya usukani, akasoma. Gazeti lilikuwa lile lile miaka yote, limegeuka rangi ya chai. Mawaziri waliokuwamo wengine walishakufa, wengine walishafungwa, na mmoja alikuwa amefungwa, akafa, akapewa barabara. Mkaguzi aliwasoma kwa makini mpaka giza liingie, au mpaka Kidogo Tu apite kwa bahati iliyopangwa.

Zamani kidogo vijana wa mtaa walikuwa hawajui adabu hiyo. Siku moja gari lilizima mbele ya bucha, na muuza nyama, mtu mnene mwenye moyo mwepesi, akatoka na aproni yake ya damu akipiga makofi: "Vijana! Mzee kakwama, njooni tusukume!" Wakaja kumi, wamekunja mikono ya mashati, wanacheka. Mkaguzi akawatazama juu ya gazeti.

"Nani kawaambia limeharibika?"

"Mzee, si limezima?"

"Nimelizima. Nalipumzisha. Nyinyi hampumziki?"

Wakatawanyika. Wiki iliyofuata kisanduku cha mawe ya shaba kilitua juu ya kaunta ya bucha, na mizani ya muuza nyama, ambayo kosa lake lilikuwa jembamba kama unyoya, ikapelekwa ofisini ikakaa huko mpaka wateja wakahamia kwa mwingine. Mtaa una shule yake, na somo lile lilieleweka kwa wote. Kuanzia hapo, gari likionekana pembeni na gazeti likiwa juu ya usukani, watu walipita wakisalimia tu.

"Unalipumzisha, mzee?"

"Nalipumzisha."

Basi. Hata mama watoto aliishika sheria hiyo. Akimkuta njiani, alifungua mlango wa pili, akaketi kando yake, akatoa uzi na sindano ya kufuma kwenye mkoba, akafuma. Hakuuliza. Neno "limeharibika" halikuwa limetamkwa kati yao tangu watoto wakiwa na meno ya maziwa. Alikuwa ameshafuma vitambaa vya makochi yote ya nyumbani, na ya majirani, katika mapumziko ya Bi Mkubwa.

"Mwenzangu kachoka leo," ndilo pekee alilosema wakati mwingine, akikata uzi kwa meno. "Mie nitachoka lini, sijui."

Siku yenyewe ilianza kwa furaha, na hilo peke yake lingetosha kumtia mtu wasiwasi. Gari lilikuwa limelala kwa Kidogo Tu majuma kadhaa, na safari hii lilitoka limepona. Limepona kweli. Injini ilinguruma chini kwa chini kama paka aliyeshiba. Mkaguzi alilisikiliza getini huku machozi yakimlengalenga.

"Stata mpya kabisa hiyo, mzee wangu," alisema Kidogo Tu. "Gari hili litakuzika."

"Si nilikwambia? Gari ni gari."

Akaendesha kuelekea nyumbani, vioo vyote chini, akakata kona ya bucha kwa makusudi ili aonekane. Mkabala na bucha, mbele ya mashine ya kusaga nafaka, mkono wake wa kulia ukaanguka kutoka kwenye usukani. Hakuuangusha yeye. Aliutazama ukiwa umelala pajani kama mkono wa mtu mwingine aliyesinzia ndani ya gari lake.

Kwa mkono wa kushoto akalivuta gari pembeni, akatoa gia. Mguu wa kulia nao ulikuwa umekwenda. Kichwani kulikuwa na kishindo, halafu pamba. Alijua ni kitu, tena si kidogo. Kulikuwa bado na nafasi: honi ilikuwa pale, kifua kingeweza kuilalia, sauti ilikuwa haijaondoka yote. Lakini muuza nyama alikuwa mlangoni kwake, amekunja mikono juu ya aproni, anatazama. Na mkaguzi, kwa nguvu ya mwisho aliyokuwa nayo, hakupiga honi. Alitoa gazeti mfukoni mwa mlango, akalifungua juu ya usukani.

Baada ya hapo hakuweza tena kitu chochote.

Injini ilikuwa ikinguruma. Hilo ndilo lililomtesa. Miaka yote watu walimpita akiwa ndani ya gari lililokufa, yeye mzima. Leo gari lilikuwa hai. Sikilizeni! alipiga kelele ndani ya fuvu lake. Linawaka! Lini mliniona nimesimama nalo linawaka? Lakini mashine ya kusaga ilikuwa ikivuma kando yake, ardhi yote ikitetemeka, vioo vya maduka vikicheza kwenye fremu. Hata tembo angeimba pale, asingesikika.

"Unalipumzisha, mzee?" Muuza nyama alikuwa amesogea, kapu la mifupa mkononi.

Mdomo wa mkaguzi ulishuka upande mmoja. Mate yakaanza safari.

Muuza nyama aliona gazeti, akaona mdomo uliobetuka, akaudhani ni ule ule wa siku zote, wa dharau. "Haya, mzee. Pumziko jema." Akaenda zake. Akapita muuza mkaa, akainua mkono. Wakapita wanafunzi wawili, wakasukumana kwa kucheka, mmoja akasema, "Bi Mkubwa amelala," mwingine akamwambia anyamaze asije akapimiwa mizani. Akapita mwanamke asiyemjua, akageuza kichwa kutazama mara ya pili, na moyo wa mkaguzi ukaruka, lakini muuza mkaa akamwita, "Mama, twende, huyo mzee hataki kuulizwa." Mwanamke akaenda.

Ndipo mlango wa pili ukafunguka. Harufu ya sabuni na uzi. Mama watoto akaketi, akashusha pumzi, akaweka mkoba miguuni.

"Nilijua tu," alisema. "Yaani ametoka leo leo."

Akatoa sindano yake. Akafuma.

Mkaguzi alimwona kwa pembe ya jicho moja, sindano ikiingia na kutoka, uzi wa kijani, ua la nne au la tano. Uulize, alimwomba. Mwanamke, uulize leo tu. Lakini alikuwa amemfundisha mwenyewe kutouliza, naye mke alikuwa mwanafunzi hodari. Alifuma ua zima. Akalinyoosha juu ya goti. Akaanza jingine.

Umeme ukakatika. Mashine ya kusaga ikalia kwa huzuni, ikazama, ikanyamaza. Mtaa mzima ukabaki na ukimya wa ghafla, na ndani ya ukimya ule paka aliyeshiba akaendelea kunguruma.

Sindano ikasimama.

"Mbona linawaka?" Akaegemeza kiganja juu ya dashibodi, kama anayempima mtoto homa. "Baba watoto, limewaka! Twende basi." Akangoja. "Twende, si limeshapumzika?"

Akalishusha gazeti.

Alichokiona hakukipigia kelele mara moja. Alimfuta mate kwa ua la kijani. Kisha akatoka, akasimama katikati ya barabara na kupaza sauti iliyokaa kifuani miaka yote hiyo.

"Limeharibika! Jamani njooni, limeharibika!"

Watu wakatoka milangoni, lakini hakuna aliyesogea. Kijana mmoja akauliza kwa woga, "Mama, limeharibika au linapumzika?"

"Limeharibika! Liliharibika zamani! Limeharibika siku zote, na nyinyi mnajua, na mimi najua, na mume wangu anakufa humu ndani!"

Muuza nyama ndiye aliyekimbia wa kwanza. Wakamvuta mzee mpaka kiti cha pili, muuza nyama akaingia kwenye usukani, mtu ambaye maisha yake yote alikuwa ameendesha pikipiki tu. Akatia gia, akaachia klachi kama anayetupa mfupa. Bi Mkubwa akaruka, akazima. Akazungusha ufunguo: tik. Akazungusha tena: tik. Stata mpya kabisa.

"Sukuma!" akapiga kelele. "Mpaka zahanati, sukuma!"

Wakaja wote: muuza mkaa, wasaga nafaka weupe kwa unga, wale wanafunzi wawili, na wengine ambao bila shaka waliwahi kusogezewa kile kisanduku cha shaba. Zahanati ilikuwa juu ya kilima. Walisukuma wakihema, na kwa kuwa mtu hawezi kusukuma gari kimya, wakaimba na kutaniana: "Mzito Bi Mkubwa! Amekula vigae huyu!" Mama watoto alikuwa nyuma kushoto, mabega kwenye buti, viatu mkononi. Mkaguzi alisikia kila neno. Jambo aliloliogopa kuliko kifo lilikuwa likimtokea mbele ya mtaa mzima, na alishangaa jinsi lilivyokuwa jepesi upande wa ndani. Jicho moja lililia. Jingine lilikuwa limeshasahau namna ya kulia.

Kule zahanati, muuguzi aliuliza, "Alikaa hivi muda gani kabla hamjamleta?"

"Tulidhani analipumzisha," alisema muuza nyama, akitazama aproni yake.

"Mngemwahisha, mkono huu ungerudi. Na maneno pia."

Hivi sasa mkaguzi hukaa barazani, nje ya mlango ambao vigae vyake vinaanza vizuri. Anakaa juu ya kiti cha kitambaa cha buluu, kilichofungwa magurudumu ya kitoroli na mchomelea vyuma: ndiyo sehemu pekee ya Bi Mkubwa ambayo haikuwahi kumsumbua. Mengine yapo chini ya dirisha, juu ya mawe. Kidogo Tu alikuja kutazama, akasema ni kitu kidogo tu, na mama watoto akamtazama mpaka akapata njia ya kuondoka. Binti aliyekuwa akisuka nywele alirudi nyumbani. Kila asubuhi humkanda baba yake mkono uliokufa, kwa kukisia, kama mtu ambaye hakufundishwa.

Jioni muuza nyama hupita akitoka kufunga bucha.

"Unapumzika, mzee?"

Mkaguzi hulikusanya neno. Huanza kulitafuta tangu anapouona mwili ule mnene kwenye kona, akilisukuma kutoka chini kwa upande mmoja wa mdomo, kama gari kwenye kilima. Neno lenyewe ni "hapana." Muuza nyama, ambaye adabu ile ilimwingia mpaka mifupani, hasimami kungoja jibu. Huinua mkono, hupita, na anapokata kona ya pili ndipo neno linapofika mdomoni, zima kabisa, na kuukuta mtaa hauna mtu.