Faili Aliloliacha Kantengwa

Deodatha alikuwa kibanjani, anapunguza majani makavu ya migomba, Egbert alipokuja na kusimama ukingoni ameshika kiuno. Egbert alikuwa mdogo wa mumewe, mgeni wao kutoka Mwanza.

"Shemeji, njoo kidogo. Kompyuta yako imekataa kuwaka."

Hiyo ilikuwa Oktoba ya mwaka tisini na tisa, huko Bugene. Kompyuta ilikaa sebuleni chini ya kitambaa cha kufuma, ikivuta umeme wa jenereta ya mashine ya kusaga ya Rwegoshora, mume wake. Deodatha aliitumia kuchapa mitihani ya shule za jirani na kadi za harusi. Egbert alikuwa amekuja na diski za programu mpya, akasema ile ya zamani imepitwa na wakati. Deodatha hakuwa na hamu na programu mpya, lakini kumkatalia mgeni aliyesoma aliona vigumu.

Sasa kioo kilikuwa cheusi. Mistari miwili ya maandishi meupe ilisema kuna kitu kinatafutwa na hakionekani, basi, mashine ikaganda hapo.

"Nimeizima na kuiwasha mara nne," Egbert alisema. "Hapana hata mahali pa kubofya. Mimi nimefundishwa kwa kipanya, shemeji. Labda niende nayo Mwanza."

"Mitihani ya darasa la sita inatakiwa Ijumaa."

Egbert akainamisha kichwa. Deodatha akanawa mikono, akavuta kiti.

Weusi ule aliujua. Aliuzoea mwaka tisini na tano, alipoajiriwa ukarani na shirika moja lililohudumia kambi ya wakimbizi. Aliyemfundisha alikuwa Kantengwa, mwanamke mrefu, mkimbizi kutoka Kibungo, ng'ambo ya mpaka, aliyekuwa mhazili kwao kabla ya vita. Kantengwa alichapa bila kutazama vidole. Kiswahili chake kilikuwa cha polepole, na neno likimpotea alichomeka la kwao, na Deodatha, kwa kuwa Kinyambo chake kilikaribiana na lugha hiyo, akalielewa. "Mashine haina hasira," alizoea kusema. "Inakuambia inachotaka. Soma kwanza, usikimbie."

Mchana walikula maharage katika bakuli moja. Kantengwa hakusema mengi juu ya aliowapoteza. Deodatha naye hakumchokonoa. Shirika lilipopata mashine mpya, hii kuukuu akapewa Deodatha, na Kantengwa ndiye aliyepanda lori pamoja nayo hadi Bugene, akaiunganisha pale pale sebuleni. Tangu hapo kila alipopata ruhusa alikuja, akakaa kiti hicho hicho.

Kisha ikaja Desemba ya tisini na sita, wakimbizi wakatakiwa kurudi kwao. Deodatha alisimama kando ya barabara tangu asubuhi hadi miguu ikafa ganzi, akitazama watu wakipita na magodoro kichwani, watoto mgongoni. Kila mwanamke mrefu alimshtua moyo. Hakumwona Kantengwa. Alituma barua mbili Kibungo, na jibu halikuja.

"Unaweza?" Egbert aliuliza.

"Sijui. Ngoja nisome."

Akachomeka diski ya zamani ya kuwashia, mashine ikaamka. Akaandika amri ya kuorodhesha mafaili, herufi moja baada ya nyingine. Akaona mara moja kwamba faili la kuwashia lilikuwa limebadilishwa siku ile ile: programu mpya ilikuwa imeliandika upya, ikaamrisha kitafutwe kitu ambacho mashine kuukuu kama hii haikuwa nacho. Akashuka na orodha. Chini kabisa palikuwa na faili asilolijua: DEODA.ZAM, kama kifupi cha jina lake na neno zamani.

Kando yake palikuwa na tarehe. Pili Desemba, tisini na sita, saa kumi alasiri.

Deodatha aliondoa vidole kwenye vitufe. Siku hiyo Kantengwa alikuja kwa mara ya mwisho. Yeye Deodatha alikuwa jikoni anamenya ndizi, akimwita aje wapige soga, na mwenzake akajibu, "Nakuja, namalizia kitu." Deodatha akalifungua faili: lilikuwa lile lile la kuwashia, kama lilivyokuwa kabla halijabadilishwa.

"Vipi shemeji, pabaya?"

"Hapana," alisema Deodatha. "Ni nakala. Kuna mtu aliniwekea."

Akaamuru faili lile lichukue nafasi ya lililoharibika, akachomoa diski, akazima, akawasha. Mashine ilikoroma kidogo, kisha ikafunguka kama zamani.

"Programu mpya itakuwa haifanyi kazi," Egbert alisema kwa unyonge.

"Na isifanye."

Mitihani ilichapwa Alhamisi. Jumamosi Deodatha akachapa barua ya tatu, kurasa mbili, akampa Theoneste, jirani mwenye ndugu ng'ambo ya mpaka, aliyekuwa anakwenda msibani Kibungo.

Theoneste alirudi baada ya wiki tatu. Deodatha alimfuata kwake kabla hajafungua mizigo.

"Yeye mwenyewe sikumkuta, mama. Nilimkuta shangazi yake. Anasema yuko Kigali, anafanya kazi ofisini. Barua nimemwachia."

"Alisema yuko, au alisema alikuwepo?"

"Alisema yuko."

"Hebu sema tena, alivyosema yeye."

Theoneste akarudia, kwa lugha ya kule, neno kwa neno. Deodatha alisikiliza hadi mwisho, akashukuru, akabaki amesimama pale uani kama anayengoja lingine.