Haisi ya Rebeka

Siku tuliyoipima Haisi ya Maige, mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kupiga makofi, na makofi hayo nitayajutia mpaka naingia kaburini.

Maige ni fundi wa viti vya magari pale Buzuruga. Banda lake na langu la betri yanatenganishwa na bati moja tu, kwa hiyo ndoa yake niliijua kuliko baadhi ya ndugu zake. Mkewe Rebeka, binti wa Majita, alikuwa konda wa daladala enzi zile ambazo mwanamke akining'inia mlangoni watu waliacha shughuli zao wamtazame. Alileta kiti kilichochanika kishonwe, kisha akarudi na kingine ambacho wala hakikuwa kimechanika. Hata nyumbani kwao Ilemela hakubisha hodi kama watu; aligonga mlango wa bati kama anavyogonga bodi ya gari. Moja simama, mbili twende. Nikipita alinigongea mbili, nami nilimjibu, "Shemeji, mimi si gari!"

Mwaka jana akapatikana na uvimbe kichwani. Madaktari walifanya waliloweza, kisha wakamruhusu arudi nyumbani, na sote tulielewa maana yake. Alitaka jambo moja tu: kumwona mama yake kule Majita, bibi ambaye miguu yake imekwisha na hawezi tena kusafiri. Lakini kelele zilimpasua kichwa. Kijiko kikianguka, alilia. Kumpandisha basi lenye honi na muziki ingekuwa kumtesa.

Maige akanunua Haisi kuukuu iliyokuwa ikibeba nyanya, akaamua kuigeuza chumba cha kulala. Nimeona kazi za mafundi wengi, lakini ile aliifanya kwa mapenzi. Aling'oa viti vyote. Bati lote la ndani akalibandika vipande vizito vya lami, vile vya kuzibia paa, ili lisitetemeke. Juu yake akaweka sponji la godoro, na darini akatanguliza karatasi ya kung'aa ya kuzuia joto la jua, halafu akafunika kila kitu kwa zulia. Milango akaivisha mipira mipya. Na kwa kuwa injini ya Haisi iko chini ya dereva, akajenga ukuta wa mbao na sponji mara mbili kati ya dereva na kitanda. Hakuacha hata kidirisha, maana mwanga nao ulimuumiza mgonjwa.

Siku ya kupima, Rebeka aliingia akalala, mlango ukafungwa. Maige akawasha injini, mimi nikapiga honi ya gari la mteja mpaka mwenyewe akafoka. Rebeka alipofungua mlango alikuwa analia kwa furaha.

"Sijasikia kitu," alisema. "Na wewe Yahaya, nimekutukana humu ndani mpaka ukoo wako. Umesikia?"

"Sijasikia hata neno, shemeji."

Tukacheka, na hapo ndipo nilipopiga makofi. Watu wazima watatu, hakuna aliyewaza.

Waliondoka Jumamosi asubuhi, wawili tu. Binti yao Precious alikuwa ametangulia kwa bibi. Simu Rebeka alishaikataa, kwa mwanga wake na mlio wake. Nilimsikia Maige kwa masikio yangu akimwambia, "Ukitaka kitu, mama Precious, gonga bodi. Nitasimama."

Rebeka akatabasamu. "Leo fundi viti anamfundisha konda kugonga?"

Hivyo ndivyo walivyosema, mmoja aliyeifunika bodi hiyo kwa mikono yake, mwingine aliyekwisha kuona tangu siku ya kupima gari kwamba sauti haitoki. Mazoea yana taabu. Mimi nilikuwa nimesimama palepale, nikawapungia mkono.

Maige alisimama Magu, akamkuta mkewe amelala vizuri. Lamadi akapitiliza, asimwamshe. Alipofungua mlango Bunda, Rebeka alikuwa amekata roho, mwili bado una joto. Mkono wake ulikuwa kwenye ukuta ule wa mbao, nyuma kabisa ya mgongo wa dereva. Mahali hapo zulia lilikuwa limechanika kwa pete ya ndoa, pigo juu ya pigo, na sponji limechungulia. Mama yake alimpokea hivyohivyo, ndani ya gari lile lile.

Daktari alisema hata Maige angesikia, asingeweza kumwokoa. Mchungaji akasema kazi ya Mungu haina makosa. Sawa, lakini mimi msiniambie. Rebeka hakuwa anagonga apewe dawa. Alikuwa anamwita mumewe.

"Yahaya," Maige aliniambia baada ya matanga, "amekufa akidhani nimesikia, nikaendelea na safari."

 

Haisi imeegeshwa mbele ya banda lake. Kila siku akimaliza kazi huchukua kisu akabandua kipande, zulia, sponji, lami, mpaka sasa bati la ndani liko wazi lote. Wiki iliyopita nilipita hapo nimebeba betri, na bila kufikiri nikagonga bodi mara moja, salamu tu. Bati likalia kama kengele. Ndani ya banda cherehani ikanyamaza. Maige akatoka mbio, uzi umemning'inia shingoni, akanipita bila kuniona, akavuta mlango wa Haisi.

"Nimesimama, mama Precious," alisema. "Nimesikia, nimesimama."