Nta ya Mtumbwi wa Baba

Juzi hapa Somanda nilimwona kijana wa bodaboda akipaka nta tangi la pikipiki yake. Harufu ile ikanirudisha Lamadi, kando ya ziwa, nyuma ya nyumba yetu, alasiri ile mama alipoyeyusha nta ya nyuki na samli kwenye sufuria kuukuu.

Baba alikuwa amelala ndani, karibu na dirisha. Hakuwa ameenda kuvua tangu homa imshike. Mama aliusugua mtumbwi wake kwa kitambaa, taratibu, na baba mdogo akamwambia kwa sauti ya chini, "Shemeji, nta haisaidii kitu. Mbao za chini zimeoza, hata pamba tuliyozibia nyufa imeoza."

"Najua," mama alisema. "Lakini kaka yako anasikiliza."

Mimi nilidhani wanabishana juu ya nta.

Baba akauliza kutoka ndani, "Unang'aa?"

"Unang'aa, Baba Kulwa. Ukikauka tu, utaenda nao ziwani."

Baba mdogo akachukua kitambaa kingine, akasugua kwa nguvu, sauti ifike dirishani.

Tangu hapo niliugusa mtumbwi kila asubuhi. Leo najua kwamba nta iliyochanganywa na samli haikauki. Siku tuliyomzika baba, watu wakiwa bado wamekaa uani, niliugusa tena, ukanata kidoleni. Nikakimbia kwa mama kumwambia kwamba bado haujakauka, baba hajachelewa.