Mgunga Usiopigwa Dawa

Asubuhi moja ya Machi 2006, Zachariah Mwololo amesimama chini ya mgunga katika bustani anayoitunza Kitisuru. Pampu ya dawa iko mgongoni, lakini mkono wake haujagusa mpini. Anasikiliza. Katikati ya majani, sauti nyembamba inapanda kidogo, kisha inateremka polepole kama mtu anayeshuka ngazi.

"Ameanza kuimba," ananong'ona. "Akiimba hivi, ujue anaaga."

Ndege mwenyewe si wa kuvutia macho: mdogo kuliko shomoro, mgongo wa kijani kilichofifia, mstari mweupe juu ya jicho. Hatulii. Huchungulia upande wa chini wa jani, hudonoa, huhama.

Mwololo alimwona mara ya kwanza miezi michache baada ya kumzika mkewe. Akamdhania chozi jike, yule ndege anayefyonza utamu wa maua, akamtundikia kopo la maji ya sukari. Ndege hakuyaonja.

"Mdomo wa chozi umepinda. Wa huyu umenyooka kama sindano, anakula wadudu tu. Sukari yangu ilimalizwa na sisimizi."

Aprili ya mwaka 2004 alipulizia mti dawa ya viwavi, kama alivyoagizwa. Ndege akatoweka. Mwololo alipekua majani makavu akitafuta mzoga, akaukosa, lakini akaamini amemuua. Jioni alirudi chumbani kwake Kabiria na siri hiyo.

"Ningeambia nani? Jirani angesema mzee amechizi, analilia ndege."

Oktoba ya mwaka huohuo, mlio mfupi ulisikika tena mgungani: "Huiit!" Mwajiri wake, Bi Ravneet, mjane ambaye wanawe wote wako ng'ambo, alifungua kitabu cha ndege akamweleza. Ndege wa aina hiyo huzaliana Ulaya na Urusi. Baridi ya huko ikikaribia, hukimbilia huku. Kama aliyerudi ni yuleyule, hakuna ajuaye. Mwololo anasema ni yeye.

Leo mlango wa veranda unafunguliwa.

"Zachariah, bado hujapiga dawa? Jana mdudu ameangukia chai yangu!"

"Mama, huyu mgeni yuko karibu kusafiri. Tukiua wadudu, atatoka hapa na njaa."

"Na mimi nikunywe chai na wadudu?"

"Hapana, Mama. Tusongeshe meza."

Bi Ravneet anautazama mti, kisha meza ya mbao iliyo chini yake.

"Hiyo meza ni nzito. Na wewe mgongo wako umeisha."

"Wako pia, Mama."

Anacheka, anavua bangili zake. "Haya, shika upande ule."

Wanaibeba wakipumzika njiani, mpaka kwenye jua. Pampu inarudi stoo ikiwa imejaa.

Wiki mbili baadaye, mgunga uko kimya. Mwololo ameotesha mche wa mgunga katika pakiti ya maziwa. Anataka kuupanda kando ya mlango wake Kabiria. Mwenye nyumba, Mbugua, amekubali, mradi matawi yasiguse mabati.

Anajua itapita miaka kabla mti huo haujabeba ndege.

"Sina haraka," anasema. "Siku moja nitakuwa nimelala nisikie 'huiit' mlangoni. Nitajua kuna mtu amefika nyumbani."